Mavi ya Chuma na Macho ya Mwanagenzi: Deni la Wasomi wa Kiswahili Huko Kangema

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hufundishwa madarasani kila mwaka. Hutolewa maana ya nje na ya ndani, hutafutiwa visawe, kisha daftari hufungwa. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa koleo lenyewe hushikwaje, au ni kwa nini mhunzi asingeweza kufanya kazi bila hilo. Methali imehifadhiwa lakini karakana iliyoizaa imesahauliwa. Kumbe uhunzi wenyewe haukufa. Ulibadilisha moto tu. Mkaa na mvukuto vimeupisha umeme, na mrithi wa mhunzi leo ni mchomeleaji wa vyuma afanyaye kazi juani kando ya barabara au, kama inavyozidi kutokea, uani mwa nyumba yake mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba mtu huyu anawadai wasomi wa Kiswahili, na kwamba deni lenyewe linahusu macho yake, mapafu yake na maisha ya wapita njia.

Mfano mwafaka unapatikana Kangema. Mji huu umo katika Kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya mashariki ya safu za Nyandarua, katika ukanda ule ule wa milima unaoendelea hadi Nyeri. Nchi yake ni ya migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde ya mito, na barabara zake hupanda na kushuka pasi na kituo. Wenyeji hulima chai na kahawa, hufuga ng'ombe wa maziwa, na huuza ndizi na maparachichi. Katika nchi kama hiyo pikapu si gari la fahari. Ndiyo punda wa shamba: asubuhi hubeba mitungi ya maziwa, mchana majani chai, jioni nyasi za nepia zilizorundikwa hadi zikapita paa.

Sehemu ya pikapu inayoteseka zaidi ni mlango wa nyuma wa sanduku la mizigo. Gari likipanda mlima, mzigo huteleza na kuuegemea mlango huo. Ukingo wake wa chini hukusanya maji na tope, ukaliwa na kutu. Bawaba hulegea, komeo hukataa kufunga, na mwenye gari huanza kuufunga kwa waya. Isitoshe, mlango utokao kiwandani ni mfupi mno kwa mzigo wa nepia. Kwa hiyo wengi hutaka kuuongeza kimo kwa fremu ya vyuma, kuubadilishia bawaba, au kuutia minyororo imara zaidi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya gereji. Siku hizi zipo mashine ndogo za kuchomelea, zile ziitwazo inveta, ambazo hubebwa kwa mkono mmoja na kutumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Mkulima hununua moja, akaongeza pakiti ya elektrodi na vipande vya chuma, akaulaza mlango juu ya mawe mawili uani, akaanza. Hapo ndipo mwanagenzi anapozaliwa, na hapo ndipo lugha inapomtupa mkono.

Kiswahili hakikuwahi kuutenga ufundi na elimu. Fundi, funzo, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Katika mapokeo yaliyoyazaa maneno hayo, mwanagenzi hakujifunza peke yake. Alikuwa na fundi wa kumwelekeza, kumkaripia na kumzuia mkono kabla haujaungua. Mwanagenzi wa nyumbani hana fundi. Mwalimu wake ni karatasi iliyomo ndani ya sanduku la mashine, na karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, pengine na Kichina kando yake. Kwenye kibandiko cha mashine kuna asilimia, tuseme 60. Mnunuzi akidhani hicho ni kipimo cha nguvu, amepotea. Maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 mashine inaweza kuchomelea kwa dakika 6, kwa kiwango cha umeme kilichotajwa, kisha ipumzike kwa dakika 4. Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha kulieleza jambo hilo. Sentensi hiyo haimo sandukuni.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufunzwa na mkono wala si kitabu. Bati la mlango lina unene wa karibu milimita 1, ilhali chuma cha pembe kinachoongezwa huwa na milimita 3 au zaidi. Elektrodi ya milimita 2.5, ambayo kwa kawaida huhitaji ampea 60 hadi 90, hukifaa chuma kinene lakini hulitoboa bati kufumba na kufumbua. Mwanagenzi atalitoboa mara tatu nne, kisha atajifunza kutumia elektrodi nyembamba zaidi, kupunguza umeme, na kuuelekeza moto kwenye chuma kinene. Vivyo hivyo atagundua kwamba akichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, mlango utapindana kwa joto wala hautaingia tena mahali pake. Atajifunza kushikiza kwanza kwa nukta, huku na huko, akikiacha chuma kipoe kabla ya kuendelea. Makosa haya yana huruma kwa kuwa humwonyesha mtu ubaya wake papo hapo.

Yapo makosa mengine yasiyo na huruma. Mwanga wa tao la umeme una miale ya urujuanimno ambayo huuunguza uso wa jicho. Anayeutazama bila kinga, au kwa miwani ya jua, huenda asihisi lolote akiwa kazini. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku wa manane, kana kwamba macho yamejaa mchanga. Mtoto aliyesimama kando akishangaa cheche hupatwa na yale yale. Kinga ya mchomeleaji ni ngao ya uso yenye kioo cheusi maalumu, cha kivuli namba 10 hivi kwa kazi ya aina hii. Kinga ya mtoto ni kuondolewa pale. Tena, bawaba na boliti nyingi zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta huweza kushikwa na homa, baridi ya mwili na maumivu ya viungo saa chache baadaye. Mgonjwa atasema ni mafua, anywe chai ya tangawizi, na kesho yake arudi kwenye moshi ule ule.

Hatari kubwa zaidi huenda ikawa ndani ya kopo la dawa ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina kemikali za klorini. Mwanagenzi akiitumia kuondoa grisi kwenye bawaba, kisha akachomelea kabla haijakauka, joto na miale ya tao huweza kuigeuza kuwa fosijeni, gesi ya sumu ambayo majeshi ya Ulaya yaliitumia kuua watu katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Tangi la petroli nalo, hata likiwa tupu, hubaki na mvuke unaoweza kulipuka. Ndiyo maana mlango hung'olewa kwanza na kuchomelewa mbali na gari. Ikiwa haiwezekani kuung'oa, waya wa betri hutenganishwa ili mitambo ya umeme ya gari isiharibike, na kibanio cha waya wa kurudishia umeme hufungwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Hapa ndipo ilipo hoja yenyewe. Kosa linaloonekana humfundisha mkono; kosa lisiloonekana hufundishwa na neno. Hakuna mwanagenzi atakayegundua fosijeni kwa majaribio akabaki hai kuwasimulia wenziwe. Analihitaji onyo kabla ya tendo, tena katika lugha anayoielewa bila kukisia. Wala madhara hayamhusu yeye peke yake. Mshono unaong'aa kwa juu huenda haukupenya ndani, na mlango ukiachia katikati ya mlima, magogo au mitungi huwaangukia wanaotembea nyuma ya gari, wengi wao wakiwa watoto watokao shuleni.

Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha kuandikia onyo hilo? Kinayo, ila hayajakusanywa mahali pamoja. Chemchemi ya kwanza ni uhunzi wa kale. Uchafu unaoganda juu ya mshono, ambao sharti ugongwe ukatoke kabla ya kuchomelea tena, una jina tangu enzi za mivukuto: mavi ya chuma. Huenda jina hilo likawachekesha wanafunzi, lakini linaeleza kitu chenyewe barabara na halisahauliki. Chemchemi ya pili ni ufundi jirani. Mshona nguo hupiga bandi kabla ya kushona ili kitambaa kisihame. Mchomeleaji hufanya lile lile kwa nukta za moto. Neno mshono limekwisha kuhama kutoka kitambaani hadi kwenye chuma bila kuombewa ruhusa. Bandi nalo linaweza kulifuata.

Chemchemi ya tatu ni uundaji wa mafundi wenyewe, na kitenzi chomelea ni cha kupigiwa mfano. Mzizi wake ni -chom-, na unyambuaji wake ni ule wa kutendea uliorudiwa, kama ilivyo katika endelea kutoka enda, au pigilia kutoka piga. Urudiaji huo hulipa tendo nguvu ya kushikilia hadi likamilike. Linganisha na lehemu, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo hutumiwa pia kwa kuunganisha vitu kwa risasi au bati iliyoyeyushwa. Katika kazi hiyo vipande vinavyounganishwa haviyeyuki. Hushikwa tu na madini yaliyomiminwa kati yao. Katika kuchomelea, vipande vyenyewe huyeyuka na kuwa kitu kimoja. Tofauti hiyo ndiyo hupambanua mlango utakaobeba mzigo na ule utakaoachia. Mafundi wameitenga kwa kitenzi kimoja cha Kibantu, ilhali matumizi mengi ya vitabuni bado huzichanganya kazi hizo mbili.

Chemchemi ya nne ni ukopaji. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi nchini Kenya, chuma cha pembe huombwa kwa jina la anglaini, umbo lililofinyangwa na sikio la karakana kutokana na jina la Kiingereza. Msomi anaweza kukunja uso. Hata hivyo, mnunuzi akiomba chuma cha pembe, huenda muuzaji akamtolea macho. Akiomba anglaini, atapimiwa mara moja. Mwongozo wa busara utayaweka maneno yote mawili bega kwa bega, umwache msomaji avuke daraja kwa hiari yake.

Hili si kusema kwamba wataalamu wamelala. Mwaka 1987, Rajmund Ohly alichapisha huko Dar es Salaam kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ikaifuatisha na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 ikatoa toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kazi hizo zinastahili shukrani. Lakini kamusi ni ghala la mbegu, na mwanagenzi anahitaji ugali. Istilahi isiyotiwa katika sentensi inayomwambia mtu afanye nini na aache nini haijamfikia yule iliyekusudiwa.

Upo pia mfano kutoka Kangema kwenyewe. John Michuki, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo na Waziri wa Uchukuzi katika serikali ya Mwai Kibaki, alisimamia kanuni za magari ya abiria zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Matatu zililazimika kuwa na mikanda ya usalama, na mwendo ukawekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Mara kidhibiti mwendo kikawa neno la makanga, la polisi na la abiria. Halikadhalika, mwaka 2020, janga la Uviko-19 lilipoingia, neno barakoa, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la vazi la usoni la wanawake wa pwani na Uarabuni, lilienea hadi vijiji vya milimani kwa muda wa wiki chache. Mifano hii miwili inathibitisha kwamba neno la usalama huenea upesi pale ambapo wahusika wameamua kulitumia.

Watakaopinga watakuwa na hoja tatu, na zote zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba mchomeleaji wa Kangema huzungumza Kigikuyu, kwa hiyo Kiswahili si hitaji lake. Ni kweli kwamba Kigikuyu kina urithi wake wa chuma. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza jinsi Wagikuyu walivyopata chuma kutokana na mchanga wa mitoni. Mwongozo wa Kigikuyu ungekuwa heri kubwa, na anayeweza kuuandika na auandike. Lakini fundi wa leo hununua vifaa Nairobi, hutengeneza magari ya wapitao, na huenda kutafuta kazi Nakuru au Mombasa. Kiswahili ndicho kitakachoandamana naye, na kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 ndicho lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Hoja ya pili ni kwamba vyuo vya ufundi hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, kwa hiyo mwongozo wa Kiswahili utampotosha mwanafunzi. Hoja hii inawasahau wale wasiofika chuoni, ambao ndio wengi miongoni mwa wanaochomelea nyumbani. Kadhalika inasahau kwamba nchi hii iliwapa mafundi wake jina la Kiswahili, kisha ikawaandikia kwa lugha nyingine. Waraka wa Serikali namba 2 wa mwaka 1992 ulilitaja jua kali katika kichwa chake, lakini mwenye jua kali mwenyewe hakuandikiwa waraka huo katika lugha iliyompa jina.

Hoja ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili si mafundi. Wakiandika juu ya ampea na zinki wataandika makosa, na kosa katika jambo hili huua. Tahadhari hiyo ni ya haki. Jawabu lake ni ushirikiano. Mwanafunzi wa isimu anajua kukusanya maneno, kuyapanga na kuyaandika kwa ufasaha. Mkufunzi wa ufundi anajua ukweli wa moto. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a kilipata hadhi kamili mwaka 2016, na Kangema kwenyewe kuna chuo cha ufundi chenye jina la Michuki. Umbali kati ya idara ya Kiswahili na karakana ni mfupi kuliko ule ambao wanafunzi huvuka kwenda makongamanoni.

Kutokana na hayo, yapo mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri fedha wala baraza. Kwanza, idara za Kiswahili zikubali tasnifu za shahada ya kwanza zinazokusanya msamiati wa karakana moja: maneno, maana, matumizi, na michoro inapohitajika. Tasnifu ya aina hiyo haina upungufu wa nadharia. Uchanganuzi wa chomelea peke yake ungeweza kujaza sura nzima ya mofolojia. Pili, kila chama cha wanafunzi kitoe karatasi moja, pande mbili, yenye maonyo kumi kwa mchomeleaji wa nyumbani, iliyopitiwa na mkufunzi wa ufundi na kugawiwa kwenye maduka yanayouza mashine hizo. Tatu, karatasi hiyo ijaribiwe kabla ya kuchapishwa: asomewe mwanagenzi halisi, kisha aulizwe ameelewa nini. Neno litakalomkwamisha libadilishwe, hata kama limeidhinishwa na kamusi.

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyuo vimepata jukwaa la kila mwaka la kuitukuza lugha hii kwa mashairi, ngoma na hotuba. Ni jambo jema, nalo liendelee. Ila panafaa pawe na meza moja, kando ya jukwaa, ambapo fundi anaweza kupita akachukua karatasi. Iandikwe juu yake, kwa herufi kubwa: ng'oa mlango kabla ya kuchomelea, ondoa rangi, zinki na grisi kwa msasa, kamwe si kwa dawa yenye klorini, funika macho yako na umfukuze mtoto, piga bandi kwanza, gonga mavi ya chuma, jaribu mlango kwa mzigo ukiwa bado uani, kabla ya kupanda mlima. Itakapokuwa imesomwa na kueleweka Kangema, chama kilichoiandika kitakuwa kimelipa sehemu ya deni.